Ununuapo almasi, tazama mng'aro kabla ya uzani

Mnamo 1947, katika mgodi wa Mwadui ulioko Shinyanga, nchini Tanzania (wakati huo Tanganyika), ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzani wa karati 54.5. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyeugundua mgodi huo mnamo 1940, aliitoa zawadi kwa Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo. Mafundi wa London walipomaliza kuikata, zilisalia karati 23.6 pekee.

Mafundi hao walikubali kupoteza zaidi ya nusu ya jiwe ili kilichosalia king'ae.

Kisa hiki kina funzo kwa kijana ambaye amejinyima kwa miezi mingi ili amvishe mchumba wake pete ya almasi. Aghalabu huingia dukani akiwa na swali moja tu: "Ni karati ngapi?" Swali hilo humfaa muuzaji kuliko mnunuzi.

Karati ni kipimo cha uzani, na karati moja ni sawa na gramu 0.2. Thamani ya almasi hupimwa kwa mambo manne: mkato, rangi, usafi na uzani. Miongoni mwa hayo, mkato ndio unaotegemea zaidi mkono wa binadamu, na ndio unaokipa kito uhai.

Fundi mwenye tamaa hukiacha kito kikiwa kinene upande wa chini ili uzani usipungue. Matokeo yake ni kwamba nuru inayoingia kwa juu huvujia chini badala ya kurejea machoni pa mtazamaji, nacho kito huonekana kimefifia katikati. Mnunuzi basi hulipia uzani ambao umejificha ndani ya pete. Iwapo fedha ni haba, punguza mambo mengine yote kabla ya kupunguza ubora wa mkato.

Rangi hupimwa kwa herufi, kuanzia D, ambayo haina rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano au ukahawia ulio dhahiri. Kito cha daraja la G au H kikishawekwa kwenye pete, ni vigumu kwa mtu wa kawaida kukitofautisha na cha D, ilhali bei zake ziko mbali. Nao usafi huchunguzwa kwa lenzi inayokuza mara kumi. Dosari isiyoonekana kwa macho matupu haina haja ya kukufilisi. Vito vingi vya daraja la VS2, na baadhi ya vile vya SI1, vinatosha.

Kuhusu uzani, fahamu kwamba bei ya kila karati hupanda ghafla kito kinapotimiza karati moja kamili. Kito cha duara cha karati moja kina upana wa takriban milimita 6.5, na cha karati 0.9 kina takriban milimita 6.2. Tofauti hiyo haionekani kwa urahisi kidoleni, lakini mfukoni huonekana.

Hata hivyo, maarifa hayo yote hayafai kitu ikiwa kito chenyewe si almasi. Kukwaruza kioo si ithibati, kwani mawe mengine pia hukwaruza kioo. Hata kifaa cha kupima joto, ambacho masonara wengi hukitumia, hudanganywa na jiwe liitwalo moisanaiti. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1950 almasi hutengenezwa pia viwandani. Hiyo ni almasi halisi kwa maumbile yake, na haitambuliki bila mitambo ya maabara, ila bei yake imeporomoka sana katika miaka ya hivi karibuni. Kuinunua si kosa. Kosa ni kuuziwa kwa bei ya ile iliyochimbwa ardhini.

Kwa sababu hiyo, dai cheti cha maabara huru, kama vile GIA ya Marekani, wala si karatasi iliyoandikwa na mwenye duka. Linganisha nambari ya cheti na rekodi za maabara hiyo kwenye intaneti. Vito vingi huwa vimechorwa nambari hiyo ukingoni. Omba lenzi uisome mwenyewe.

Uliza pia kito kilitoka wapi. Mpango wa Kimberley, ulioanza kutekelezwa mnamo 2003 baada ya almasi kufadhili vita katika nchi kama Sierra Leone na Angola, huthibitisha shehena za almasi ghafi, wala si kito kimoja kimoja kilichokatwa. Muuzaji mwaminifu hatasita kukuandikia maelezo ya chimbuko kwenye risiti.

Mwisho, usidanganyike kwamba unaweka akiba. Siku utakayotaka kuiuza pete hiyo, aghalabu utapewa bei iliyo chini sana ya ile uliyolipa. Nunua almasi kwa fedha ambazo hutazihitaji kwa karo wala kodi ya nyumba.

Kabla ya kulipa, omba kukitazama kito mbali na taa kali za dukani, karibu na dirisha, mchana. Kikingali king'avu hapo, na nambari zikaafikiana, hujauziwa mbuzi kwenye gunia.