Kanisa Dogo la Hrastovlje

Katika kijiji cha Hrastovlje, nchi ya Slovenia, liko kanisa dogo la mawe la Utatu Mtakatifu. Mwaka 1490 fundi Yohane wa Kastav alizipamba kuta zake kwa picha, wapate kujifunza hata wasiojua kusoma. Baadaye picha zilifunikwa kwa chokaa, zikasahauliwa hadi mwaka 1949. Katika picha moja wafu waliobaki mifupa mitupu wanawashika watu mkono na kuwapeleka kaburini: Papa, mfalme, malkia, kilema, hata mtoto mdogo. Tajiri atoa mfuko wa fedha; haumwokoi.

Swali: Ni nani atakayekwepa kifo?

Jibu: Hapana hata mmoja. Basi tukae tayari, wakubwa kwa wadogo.