Vyombo vya Mateka Watatu

Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha na kiangazi cha Januari kikikaribia, watu wapendao kupanda Mlima Kenya huanza kutengeneza safari zao. Wauzaji nao hutoa vyombo vipya: viatu visivyopenya maji, mahema mepesi, mifuko ya kulalia iliyojazwa manyoya ya bata, na kamba za nailoni zenye rangi za kupendeza. Kijana akivitazama hudhani kuwa mlima hupandwa kwa fedha. Basi, msomaji, natutazame safari moja ya mwaka 1943, upate kupima mwenyewe thamani ya chombo, na thamani ya mtu mwenye kukitumia.

Katika Vita Kuu ya Pili, Waitalia walishindwa na majeshi ya Uingereza huko Uhabeshi mwaka 1941, na mateka wengi wakaletwa Kenya. Baadhi yao walifungwa katika kambi ya Nanyuki, karibu na mlima. Miongoni mwao alikuwamo Felice Benuzzi, aliyezoea kupanda milima ya kwao tangu ujana. Siku za kifungo zilikuwa ndefu na tupu. Lakini mawingu yalipofunuka, mbele ya macho yake ulisimama Batian, kilele chenye kimo cha mita 5,199. Akaazimia kutoroka, si kwa kukimbilia kwao, bali apande mlima kisha arejee kambini kwa hiari yake. Akapata wenzi wawili: Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti.

Je, mateka atapata wapi vyombo? Nyundo mbili ziligeuzwa kuwa mashoka ya barafu. Chuma chakavu kilikatwa, kikafanywa meno ya kufungwa chini ya viatu. Kamba za katani za vitandani ziliunganishwa ziwe kamba za kupandia. Mablanketi yalishonwa nguo. Chakula kiliwekwa akiba kidogo kidogo. Ramani hawakuwa nayo. Picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la chakula ilishika mahali pake.

Lakini angalia, vyombo hivyo havikubuniwa na wajinga. Yale meno ya chuma yana historia. Mwaka 1908 Mwingereza Oscar Eckenstein aliyapa umbo jipya, ili mpandaji asilazimike kuchonga ngazi nyingi katika barafu. Mwaka 1929 Laurent Grivel wa Courmayeur, Italia, aliongeza meno mawili ya mbele. Ni katika mji huo huo walikotoka César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji waliofika kilele cha Batian pamoja na Halford Mackinder tarehe 13 Septemba 1899. Kambi iliweza kumnyang'anya Benuzzi kila kitu, ila ujuzi wa watu wa milimani ulibaki kichwani mwake.

Tarehe 24 Januari 1943 watatu hao walitoroka, wakapita msitu wenye tembo na vifaru. Barsotti alishikwa na ugonjwa, akabaki katika hema lao. Benuzzi na Balletto wakaujaribu Batian. Theluji na dhoruba zikawapiga, wakarudi nyuma. Tarehe 6 Februari walifika Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera ya nchi yao. Kisha wakashuka, njaa ikiwauma sana, wakaingia tena kambini baada ya siku 18. Walihukumiwa kufungwa peke yao siku 28, lakini mkuu wa kambi, akiustahi ushujaa wao, akazipunguza kuwa 7.

Usije ukasema, basi, kwamba vyombo si kitu. Katani haivutiki, mtu akianguka, kamba humkata kwa kishindo au hukatika yenyewe. Nailoni, iliyoenea kwa wapandaji baada ya vita, hunyumbuka ikapunguza kishindo hicho. Kama mmoja wao angaliteleza, huenda hadithi hii isingalipata msimulizi. Walitumia katani kwa sababu hawakuwa na jingine. Mwanafunzi apandaye Lenana leo kwa sweta ya shule na viatu vya turubai, hali angeweza kuazima vilivyo bora, haigi ushujaa wao. Anacheza na roho yake.

Wala usivitegemee vyombo kupita kiasi. Ugonjwa wa kimo hauzuiwi na koti la thamani. Mtu akianza kuyumba na kuchanganyikiwa, dawa yake kubwa ni kushuka mara moja. Benuzzi na Balletto waliokolewa na jambo lisilouzwa dukani: walipoona Batian umewashinda, waligeuka.

Kwa hiyo, siku utakapojiandaa kwa safari, jiulize kwanza: kila chombo nilichochukua kinanikinga na hatari gani, nami najua kukitumia? Kisha mtazame mwenzako anayebeba mzigo. Ikiwa wewe umevaa joto naye anatetemeka, vyombo vya safari yenu havijatimia bado.