Kurudisha afya ya kucha baada ya kutoa kucha za bandia

Umetoa kucha ulizobandika kwa ajili ya harusi au sikukuu, na chini yake umekuta kucha zako zimekuwa laini kama karatasi, zina mabaka meupe, na zinauma ukigusa maji ya moto. Hali hii huwapata wanawake wengi, na mara nyingi hupona bila dawa. Inachohitaji ni muda, na zipo dalili chache ambazo hupaswi kuzisubiri.

Ni nini kimeharibika?

Ukucha unaouona si kitu hai. Ni tabaka nyembamba za protini iitwayo keratini zilizolaliana, kama zilivyo nywele. Sehemu iliyo hai imejificha chini ya ngozi, kwenye shina la ukucha. Ndiyo maana ushauri wa "kuacha kucha zipumue" si sahihi sana, kwa kuwa kucha hazipumui. Ukizipumzisha, unaipa nafasi ile sehemu mpya iote bila kusuguliwa tena.

Kucha za mikono huota takriban milimita 3 kwa mwezi. Ukucha mzima huchukua miezi 4 hadi 6 kubadilika, na wa kidole gumba cha mguu huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hakuna mafuta yanayoweza kurudisha tabaka zilizokwisha ng'oka, hata kama muuzaji anaahidi wiki mbili.

Mara nyingi madhara makubwa hutokana na kusugua ukucha kwa msasa au mashine kabla ya kubandika, na kubandua kwa nguvu wakati wa kutoa. Ukivuta kucha ya jeli au akriliki kwa meno, kwa kisu au kwa kuchokonoa na kijiti, inatoka na tabaka za juu za ukucha wako.

Kama bado hujazitoa

Usizivute. Kata sehemu ndefu, punguza rangi ya juu kwa msasa bila kufika kwenye ukucha wako, kisha weka pamba yenye asetoni juu ya kila ukucha na uifunge kwa karatasi ya foili. Jeli hulegea kwa dakika 15 hadi 20, akriliki huchukua muda zaidi. Kisichotoka kwa kusukuma polepole, kirudishie pamba. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi, mbali kabisa na jiko la mkaa, gesi au mshumaa, kwa sababu asetoni hushika moto upesi. Ukimaliza, nawa na upake mafuta, maana asetoni hukausha ngozi sana.

Utunzaji wa kila siku

Kata kucha ziwe fupi. Ukucha mwembamba ukiachwa mrefu hukwama kwenye nguo na kupasuka hadi kwenye nyama. Paka mafuta ya mgando au mafuta ya nazi kwenye ukucha na ngozi inayouzunguka, hasa baada ya kunawa na kabla ya kulala. Mafuta haya hayaoteshi ukucha, lakini hupunguza kukauka na kupasuka.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga, adui mkubwa ni maji na sabuni, kwani nepi na vyombo haviishi. Vaa glavu za mpira unapofua na kuosha vyombo ukiweza, na usiache kunawa mikono ili kulinda kucha. Nawa, kausha vizuri, paka mafuta.

Ukiona ukucha umeachana na nyama na kuna uwazi chini yake, sehemu hiyo haitashikana tena. Ikate taratibu kadiri inavyokatika bila maumivu, iweke kavu, na usichokonoe uchafu kwa pini. Usibandike ukucha mwingine juu yake, kwa sababu unyevu ukifungiwa humo hukaribisha bakteria na fangasi.

Epuka kusugua limau au kitunguu saumu kibichi. Kitunguu saumu kikikaa kwenye ngozi huweza kuiunguza. Piko nayo iache, kwa kuwa aina nyingi zina kemikali inayoleta mzio mkali. Hina ya kawaida haina tatizo hilo, ila huficha rangi ya ukucha, na wakati huu unahitaji kuiona.

Vidonge vya bayotini huuzwa sana kwa ajili ya kucha, lakini kwa mtu asiye na upungufu, ushahidi kwamba vinasaidia ni mdogo. Tena vinaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo, kwa hiyo mwambie mhudumu kama unavimeza. Ikiwa kucha zako zote ni dhaifu, zimebonyea katikati kama kijiko, na unachoka sana, huenda una upungufu wa damu. Hilo hutokea kwa akina mama baada ya kujifungua, na hupimwa kliniki.

Nenda kituo cha afya ukiona haya

Ngozi kando ya ukucha imevimba, ina joto na inauma, au inatoa usaha. Ukucha umegeuka kijani au mweusi. Kuna mstari mweusi unaopanuka na haukutokana na kujigonga. Ikiwa una kisukari, usisubiri hata uvimbe mdogo.

Kuwashwa, malengelenge kwenye vidole, au kope kuvimba baada ya saluni ni dalili za mzio wa kemikali za jeli na akriliki. Mzio huo kwa kawaida haupotei. Acha kabisa kutumia bidhaa hizo na umjulishe daktari wa meno, kwa sababu kemikali za jamii hiyo hutumika pia kuziba meno.

Mtoto na kucha za mlezi

Shirika la Afya Duniani linawashauri wahudumu wa afya wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia na wakate zao zisizidi nusu sentimita, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake hata baada ya kunawa. Nyumbani hakuna sheria hiyo, lakini kama unamlea mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye kidonda, kucha fupi ni salama zaidi.

Kucha iliyobanduka inaweza kumkaba mtoto anayetambaa, hivyo iokote mara moja. Asetoni na gundi viwekwe juu, mahali asipofika. Gundi ya kucha ikimwagikia nguo ya pamba huweza kupata joto kali na kuunguza ngozi: mvue mtoto nguo hiyo haraka, mwagia maji mengi ya baridi, na usivute nguo iliyoganda kwenye ngozi. Mpeleke hospitali.