Neno "baridi" na ukungu wa dunia za mbali

Ndugu wasikilizaji, mtu akaaye Soweto, mjini Moshi, anajua kwamba mlima una saa zake. Alfajiri Kibo huwa wazi na mweupe, utadhani waweza kuugusa kwa mkono. Ikifika saa nne mawingu yamekwisha kuupanda. Miezi ya kiangazi huongezeka vumbi la barabara na moshi wa mashamba, na mlima mzima ukamezwa na utusitusi. Watu husema, "Leo mlima umejifunika," kisha kila mtu akaenda zake sokoni au kazini. Hakuna anayesema mlima umeondoka.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu utusitusi huo, nuru ya jua na barafu. Tutakwenda mbali sana, hata kwenye mwezi wa sayari ya Zohali, lakini safari tunaianzia hapa hapa, mwaka 1848.

Mwaka huo mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliondoka Rabai karibu na Mombasa kuelekea Uchagani. Msafara uliongozwa na Mswahili wa pwani, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei, asubuhi, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini. Akajibiwa kwa neno moja: baridi.

Tulitazame neno hilo vizuri. Mtu wa pwani hakuwa na sababu ya kuwa na jina la theluji, kwa kuwa Mombasa haianguki theluji. Hakubuni jina, wala hakusema ni shetani au fedha. Alitaja kile kilichojulikana kwa hakika, yaani kwamba weupe ule ni baridi. Naye Rebmann, aliyekulia nchi ya theluji, akaelewa papo hapo. Wachagga wenyewe walikuwa na masimulizi ya watu waliotumwa juu kuchukua ile "fedha" inayong'aa, wakateremka nayo ikageuka maji njiani. Nalo hilo ni jaribio, tena lenye jibu safi.

Habari za Rebmann zilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Alikuwako London bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyeandika sana juu ya Afrika bila kufika huku bara. Cooley akakataa kata kata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Kwake yeye jua la ikweta ni kali, na penye jua kali hapana theluji. Hoja ilikuwa imenyooka, ila ilisahau kwamba kimo cha mlima hupoza hewa. Mwaka 1862 Baron Carl Claus von der Decken na mwenzake Otto Kersten walipanda hadi kiasi cha mita 4,300, na theluji ikawaangukia. Hata hapo Cooley hakuridhika. Mwaka 1871 mmishonari Mwingereza, Charles New, akafika inapoanza theluji na kuishika kwa mikono yake. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Katika habari za safari hiyo hutajwa pia Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa kiongozi wao.

Mabishano hayo, basi, yalichukua zaidi ya miaka 20, na mlima ulikuwa pale pale siku zote, umbali wa wiki mbili kwa miguu kutoka Rabai.

Sasa hebu tujiulize. Ikiwa kitu kilichoko mwendo wa wiki mbili kilileta ubishi wa namna ile, itakuwaje kwa kitu ambacho hakuna binadamu awezaye kukifikia kwa miguu?

Mwaka 1655 Mholanzi Christiaan Huygens aligundua mwezi mkubwa wa Zohali, ambao leo unaitwa Titan. Mwaka 1944 Gerard Kuiper, aliyezaliwa Uholanzi na kufanya kazi Marekani, alichunguza nuru itokayo kwenye mwezi huo akakuta imepungukiwa rangi fulani. Kilichokula rangi hizo kilikuwa methani, gesi ile ile itokayo kwenye samadi iliyooza. Kumbe Titan ina hewa! Tarehe 12 Novemba 1980 chombo cha Marekani, Voyager 1, kikapita karibu yake na kupiga picha. Wanasayansi walitazamia milima na mabonde. Walichokiona ni tufe la rangi ya chungwa, laini, lisilo na alama yoyote. Mlima ulikuwa umejifunika.

Ukungu ule si wa maji kama ule wa asubuhi kule Marangu. Ni chembe ndogo mno zinazoelea, mfano wa masizi. Hewa ya Titan ni nitrojeni kwa sehemu kubwa pamoja na methani kidogo. Nuru kali ya jua na chembe za umeme zitokazo angani huvunja gesi hizo, vipande vikaungana upya, vikawa vitu vizito vya rangi ya kahawia vinavyoshuka polepole kama vumbi.

Haya yalijulikanaje? Hapa ndipo penye utamu. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Carl Sagan na Bishun Khare, mwanasayansi mwenye asili ya India, hawakukaa kitini kubishana kama Cooley. Walitia gesi ndani ya chupa ya kioo wakapitisha umeme. Baada ya muda kuta za chupa zikapakwa utando wa rangi ya kahawia, kama kioo cha taa ya chemli iliyofuka moshi usiku kucha. Utando huo wakauita tholini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya tope, na jina hilo wakalitangaza mwaka 1979. Mwaka 1984 wakachapisha vipimo vya jinsi utando huo unavyopokea nuru, rangi kwa rangi.

Kupima kwenyewe si uchawi. Chukua gilasi ya chai ya rangi uinue dirishani. Nuru ya jua ina rangi zote, lakini kwenye chai hupita nyekundu na njano, na buluu humezwa. Tholini hufanya vivyo hivyo. Mpimaji huchukua utando ambao unene wake anaujua, akapitisha rangi moja moja, na kila mara akahesabu iliyoingia na iliyotoka. Tofauti ya hesabu hizo humwambia utando umemeza kiasi gani. Kisha hulinganisha jibu lake na nuru itokayo Titan. Yakifanana, amepiga hatua. Yasipofanana, anarudi kwenye chupa.

Na mara nyingi hayafanani sawasawa. Ni kama mbege. Wote hutumia ndizi na ulezi, lakini mbege ya nyumba hii si ya nyumba ile. Methani ikizidi kidogo, msukumo wa gesi ukipungua, au umeme ukibadilishwa kwa nuru ya jua la bandia, tholini hutoka na rangi nyingine na kumeza nuru kwa kiasi kingine. Ndiyo maana maabara za Marekani, Ufaransa na Japani zimeendelea kupika na kupima kwa zaidi ya miaka 40.

Mtu atauliza, yote haya ni ya nini? Ni kwa sababu anayemeza nuru ndiye anayeamua joto. Anika kanga nyeupe na kaniki kwenye kamba moja, kisha saa sita mchana uzishike zote mbili. Kaniki itakuwa na joto zaidi, kwa kuwa weupe hurudisha nuru na weusi huimeza. Mwaka 1991 Christopher McKay na wenzake walionyesha kwamba ukungu wa Titan ni kama mwavuli. Humeza nuru juu angani na kuachia joto la chini litoroke, na hivyo huupoza uso wa mwezi huo kwa kiasi cha digrii 9. Tarehe 14 Januari 2005 chombo kilichopewa jina la Huygens kilishuka Titan kwa mwavuli muda wa karibu saa mbili na nusu. Kilikuta baridi ya digrii 179 chini ya sifuri, na mawe ya mviringo ambayo ni barafu ya maji iliyo ngumu kama mwamba.

Miaka kumi baadaye, tarehe 14 Julai 2015, chombo cha New Horizons kikapita Pluto na kukuta ukungu wa tabaka nyingi uliopanda zaidi ya kilometa 200. Hewa ya Pluto ilionekana kuwa baridi kuliko hesabu zilivyotaka. Mwaka 2017 watafiti wakapendekeza kwamba ni ukungu wenyewe unaopoza hewa, kwa kupokea joto na kulitupa nje angani. Darubini ya James Webb ilipokuja kupima joto hilo, vipimo viliunga mkono wazo hilo.

Naam, sasa turudi nyumbani, maana maswali hayo hayo yako juu ya Kibo.

Hans Meyer aliporudi mwaka 1898 aliona barafu imepungua, akabashiri kwamba baada ya miongo michache ingekwisha. Haikwisha, lakini iliendelea kupungua. Mwaka 1912 ilikuwa kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilibaki zisizofika 2. Mapema mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitoboa barafu hiyo na kuchukua nguzo sita nyembamba. Ndani yake alikuta tabaka la vumbi lenye unene wa sentimeta 3 hivi, ambalo alilihesabu kuwa la miaka 4,000 iliyopita, wakati wa ukame mkubwa. Mwaka 2002 akasema barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na mabaki ya barafu bado yako.

Je, sayansi ni uongo? Hasha. Wengine walikuwa wakipima kwa njia nyingine. Mwaka huo huo wa 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliweka kileleni mitambo ya hali ya hewa. Yeye, Georg Kaser wa Innsbruck na wenzao walikuta hewa ya juu kule kwa kawaida iko chini ya sifuri. Kinachoila barafu zaidi ni nuru ya jua. Theluji mpya hurudisha sehemu nane au tisa katika kumi za nuru; barafu kongwe iliyochafuka kwa vumbi huweza kumeza nusu au zaidi. Kwa hiyo theluji ikikosa kuanguka, mlima huvua kanga na kuvaa kaniki. Tena sehemu ya barafu hugeuka mvuke bila kupitia maji, na kazi hiyo hutaka nishati mara nane kuliko kuyeyuka. Ndiyo sababu barafu hufa polepole kuliko ilivyobashiriwa. Ukavu huo, wanasema, ulianza yapata mwaka 1880, na unahusiana na mabadiliko ya Bahari ya Hindi inayotuletea mvua. Kwa hiyo kuongezeka kwa joto la dunia hakukwepi lawama, lakini njia yake ni ndefu.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo penye jambo letu sisi wa mjini. Wengi husema barafu ikiisha, Moshi itakosa maji. Kauli hiyo hutuliza dhamiri, kwani barafu iko mbali na jua halina mwenyewe. Lakini vipimo vinasema vingine. Maji ya barafu katika mito yetu ni kidogo mno. Mvua nyingi kabisa hunyesha msituni, kwenye kimo cha yapata mita 2,200, na juu ya hapo miti na ndevu za kuvu zilizoning'inia hukamua maji kutoka kwenye ukungu. Hiyo ndiyo akiba ya chemchemi, ya mifongo ya wazee wetu, na ya mto Pangani hadi Nyumba ya Mungu. Msitu huo uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005. Hata hivyo, Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022 moto uliunguza mlima kwa siku nyingi, na moshi wake ukaonekana mbali.

Barafu ya Kibo hatuwezi kuifunika kanga. Msitu tunaweza kuuzimia moto, na bora zaidi kutouwasha. Cooley alikuwa na hoja nzuri, ila alitazama pasipostahili. Nasi tusiwe watu wa kutazama kilele cheupe na kulia, huku maji yakitoroka mahali ambapo mikono yetu inafika.

Kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo.