Tarehe ya Gyudon na Nyumba ya Yoshinoya

Gyudon ni bakuli la wali wa moto uliofunikwa kwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, ikachemshwa na vitunguu katika mchuzi wa sosi ya soya. Mchuzi hushuka hadi punje za chini, na mlaji hujiongezea achari ya tangawizi nyekundu. Apendaye mchuzi mwingi husema "tsuyudaku", akaeleweka.

Mwaka 675 Mfalme Tenmu aliharamisha nyama ya ng'ombe, na Wajapani wengi wakakaa mbali nayo kwa karne nyingi. Mwaka 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji ameila, na migahawa ya nyama ya chunguni ikashamiri mjini Tokyo. Wapo wanaoipa heshima ya gyudon vibanda vya barabarani vilivyomwagia wali mabaki ya chungu hicho. Chakula kilikuwepo, ni kweli. Lakini nyumba iliyokipa jina na heshima ni ya Matsuda Eikichi, aliyefungua Yoshinoya mwaka 1899 kwenye soko la samaki la Nihonbashi. Jina, wasimulizi wa nyumba hiyo husema, alilitoa Yoshino, mtaa wa kwao Osaka.

Wateja wake walikuwa watu wa soko: wanaamka usiku, wana njaa, hawana muda. Hapo ndipo ulipozaliwa utamu wa gyudon, maana ilibidi ije upesi, ishibishe na isiumize mfuko. Tetemeko la 1923 lilipoliangamiza soko, nyumba ililifuata Tsukiji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mwana wa Eikichi, Matsuda Mizuho, aliondoa mapambo chunguni, akabakiza nyama na vitunguu, mkono wa mpakuaji usisite. Kutoka hapo yakaenea matawi. Mwaka 1980 nyumba ilifilisika, ikainuka tena.

Washindani nao walitokea. Matsuya ilianza kuuza bakuli lake mwaka 1968. Sukiya ilianzishwa mwaka 1982 na Ogawa Kentaro, naye alikuwa mwajiriwa wa Yoshinoya. Leo Sukiya ndiyo yenye matawi mengi zaidi.

Jambo lisilosahaulika ni la 2004. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipogunduliwa Marekani mwishoni mwa 2003, Japani ilifunga mlango kwa nyama ya huko. Sukiya ikageukia ng'ombe wa Australia. Yoshinoya ikakataa: ladha yake ilitegemea mafuta ya nyama ya Marekani, na heri kukosa kuliko kughushi. Tarehe 11 Februari ikasitisha gyudon karibu kila tawi, ikauza wali wa nyama ya nguruwe. Iliporudi tarehe 18 Septemba 2006, kwa siku moja tu, watu walipanga foleni kabla ya milango kufunguliwa. Mauzo ya usiku na mchana yalirejea Machi 2008.

Mwaka 2018 soko la Tsukiji lilihamia Toyosu. Tawi la Tsukiji likafungwa, na Yoshinoya ikafungua jingine katika soko jipya.