Deni kwanza, parseli nyuma: mambo ya kujua mbele ya kununua nyumba ya kwanza

Lokatere mwenye kulipa dola 50 kwa mwezi anatoa dola 600 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka hakuna hata tofari moja yenye kuwa yake. Njo maana huko Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, familia nyingi zikipata franga kidogo zinawaza kwanza parseli. Kuwa na kwako ni kupumzika: hakuna mwenye kubisha mulango kila mwanzo wa mwezi.

Lakini wengi wanakimbilia parseli wakiwa wangali na madeni. Wanatoa akonti, kisha mwenye aliwakopesha anafika. Parseli inauzishwa haraka kwa bei ya chini, ao inabaki gaji kwa mikono ya mutu mwengine. Wengine wanamaliza kulipa, nyuma wanasikia kama ile parseli iliuzishwa kwa watu wawili. Njia ya kufika kwa nyumba ya kwanza iko na hatua zake, na hatua ya kwanza haiko kadastre. Ni daftari ya madeni.

Madeni yote kwa karatasi moja

Bwana na bibi wakae pamoja na kuandika kila deni: nani alikopesha, ni kiasi gani, faida ni ngapi kwa mwezi, siku gani ya kulipa, na kitu gani kiliwekwa gaji. Madeni yenye kusahauliwa ni ya butiki ya kartiye, minervale ya watoto, franga za shemeji, na zamu ya likirimba yenye mutu alikwisha kula. Kula zamu mbele ya wengine ni deni pia, hata kama halina faida.

Garanti ya nyumba inaingiza watu wengi kwa deni. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipashwi kupita miezi 3. Mwenye kuombwa zaidi aende kwanza kwa shefu wa kartiye ao kwa biro ya habita, mbele ya kwenda kukopa.

Waandike tena kama deni ni la dola ao la franga. Mwanzo wa 2023, dola 1 ilikuwa karibu franga 2000. Mwisho wa 2024 ilikuwa karibu 2800. Mwalimu mwenye kulipwa kwa franga, na mwenye deni la dola 100, aliona deni lake linapanda kutoka karibu franga 200 000 mpaka karibu 280 000, bila kukopa kitu kingine.

Deni lenye kuuma zaidi linalipwa la kwanza

Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa. Lakini madeni yakiwa matatu ao mane, watu wengi wanalipa kwanza yule mwenye kupiga kelele zaidi. Hesabu inasema vingine: linalipwa kwanza deni lenye faida kubwa.

Mara nyingi ni deni la "banki lamberi", ule mukopeshaji wa kando asiye na biro wala ruhusa. Mufano: familia iko na dola 100 kwa mwezi za kulipa madeni. COOPEC inaomba dola 40. Kwa lamberi kuko deni la dola 200 kwa faida ya 30% kwa mwezi, ni kusema dola 60. Arobaini na sitini ni mia. Kila mwezi familia inalipa bila kukosa, na zile 200 hazisogei. Kiisha miezi 6, lamberi amekula dola 360, na angali anadai 200 zake.

Familia ya namna hii haiwezi kutoka kwa kulipa kidogo kidogo. Inahitaji franga za mara moja. Kama iko ndani ya likirimba ya watu 10 wenye kutoa dola 20 kwa mwezi, kila zamu ni dola 200: inaweza kuomba kubadilishana zamu na mwenzake, ikachukua mbele na kuendelea kutoa dola 20 zake kama zamani. Wengine wanauzisha mbuzi ao televizio. Wengine wanaomba COOPEC iwaongezee mukopo: kama faida ya pale ni 3% kwa mwezi, dola 200 zinaomba faida ya dola 6, haiko 60. Siku ya kumaliza, mulipaji aombe karatasi ya deni na gaji yake zirudishwe mbele ya mashahidi.

Tangu siku ile, zile dola 60 zinabaki ndani ya nyumba kila mwezi. Kwa mwaka ni dola 720. Parseli ya familia ile ilikuwa inaliwa na faida.

Kuweka akiba bila kurudi kwa deni

Akiba inafaa iwe na mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la magonjwa, matanga na kukimbia vita: chakula cha miezi 2 ao 3. Fungu la pili ni la parseli. Mwenye hana fungu la kwanza, mutoto akigonjwa tu, anarudi kwa lamberi.

Ndani ya AVEC, sanduku linafungwa na funguo 3 zenye kushikwa na watu 3 tofauti, na wanamemba wanagawana akiba mwisho wa muzunguko. Kwa COOPEC, mutu aulize kwanza kama iko na ruhusa ya Banki Kuu ya Congo. Mwanzo wa mwaka 2025, mabenki yalifunga milango Goma, nyuma Bukavu, na watu wenye franga ndani walibaki inje. Kwa hiyo si vizuri kuweka akiba yote fasi moja.

Na kununua parseli kwa mukopo? Inaweza kufaa wakati kunabaki kipande kidogo cha bei, kazi ni ya kila mwezi, na gaji haiko kitu chenye kulisha familia. Kukopa kwa lamberi juu ya parseli ni kurudi kwa hesabu ya zile dola 60.

Karatasi gani inaonyesha mwenye parseli?

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, yenye ilirekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serkali. Mutu ananunua haki ya kuutumia. Ile haki inahakikishwa na karatasi moja tu, yenye kuandikwa juu yake "certificat d'enregistrement", na yenye kutolewa na konservatere. Mukongomani anaweza kupewa haki ya daima. Mugeni ao kompani inapewa haki ya miaka 25, yenye kuweza kufanywa upya.

Kunazunguka karatasi zingine. "Contrat de location" ya Serkali ni ya muda, haipiti miaka 3, na inamutaka mutu ajenge ao atumikishe ile parseli mbele ya kupewa haki ya daima. "Fiche parcellaire" inaonyesha nani anajulikana kwa ile parseli. Barua ya shefu wa kartiye inaonyesha kama majirani wanamujua muuzishaji. Zote zinasaidia, lakini hakuna yenye kuchukua nafasi ya sertifika.

Kando ya miji kuko tena udongo wa desturi. Huko Bushi, kwa mufano Kabare na Walungu, mwenye kulima kwa kalinzi na mwenye kulima kwa bwasa hawako na haki sawa: bwasa ni ruhusa ya muda, na mwenye bwasa hawezi kuuzisha. Mununuzi aulize wazee wa kijiji, kisha afuate karatasi mpaka kwa Serkali.

Mbele ya kutoa hata akonti, mununuzi aende yeye mwenyewe kwa biro ya konservatere na namba ya parseli. Aulize mambo matatu: imeandikwa kwa jina la nani, kama kuko hipoteke ya banki juu yake, na kama kuko mashitaki. Komisyonere asitumwe fasi yake, kwa sababu komisyonere analipwa paka kama biashara imefanyika.

Nani anapashwa kukubali?

Sheria ya familia ya mwaka 1987, yenye ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaomba bwana na bibi wakubali wote wawili mbele ya kuuzisha nyumba ao parseli. Bwana mwenye kusema "bibi yangu nitamwambia nyuma" analetea mununuzi kesi.

Kama parseli ni ya marehemu, isiuzishwe na mutoto mukubwa peke yake. Warisi wote watie sinyatire, hata wale wenye kuishi mbali na watoto wa kike wenye waliolewa. Kuuzisha nyumba ya mutu mwengine ni kosa lenye kuitwa stellionat, na linaadhibiwa na gereza. Lakini muuzishaji akiingia gereza, franga mara nyingi zimekwisha kuliwa.

Udongo wenyewe unasema nini?

Bei ya chini mara nyingi iko na sababu. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na nyumba nyingi zilizikwa. Huko Uvira, muto Mulongwe ulibeba nyumba mwezi wa Aprili 2020. Mwezi wa Mei 2023, maji na mawe yalifunika Bushushu na Nyamukubi katika terituari ya Kalehe. Bukavu, udongo wa milima unateremuka wakati wa mvua. Mununuzi atembelee parseli siku ya mvua kubwa, na aulize majirani maji yanapita wapi. Aulize tena kama ile fasi ilikuwa ya barabara, masomo, makaburi ao pori la Serkali.

Siku ya kulipa na siku za nyuma

Akti ya kuuzisha iandikwe mbele ya notere. Ionyeshe majina kamili, namba ya parseli, upana na urefu, bei kwa namba na kwa maneno, na majirani wawe mashahidi. Kama malipo ni ya vipande, kila kipande kiwe na karatasi yake.

Kazi haijaisha pale. Mpaka sertifika ya zamani ifutwe na mpya iandikwe kwa jina la mununuzi, muuzishaji bado anaonekana kama mwenye parseli, na anaweza kuiuzisha mara ya pili. Kubadilisha jina, kupima na notere vinalipwa, kwa hiyo haifai kumaliza franga zote kwa bei. Inafaa tena waandike ndani ya akti kama kipande cha mwisho cha bei kitalipwa wakati karatasi zinatolewa.

Kwa kujenga, familia inaweza kuanza na nyumba ya mbao, kisha kutia fondasio na mabati kadiri franga zinapatikana. Mwenye kuwa bado na kontra ya muda ahesabu paka miezi yake. Na kopi za karatasi zote zibaki kwa mutu wa kuaminika mwenye kuishi kartiye ingine, kwa sababu wakati wa kukimbia, karatasi za nyumba njo zinasahauliwa za kwanza.