Kosa ni la Nani?

Chukua lori la mahindi linalotoka Kwanza kwenda Kitale msimu wa mavuno. Juu ya magunia kuna kijana wa kupakia, ameandikwa kazi na mwenye lori. Kando yake kuna jirani aliyeomba lifti tu. Lori lipinduke, wote wawili wavunjike mguu, na sheria ya Kenya itawatenganisha kabla hata ya daktari kuwaona.

Kijana analindwa na sheria ya majeraha kazini ya 2007. Hapo hakuna anayeuliza kama dereva alikuwa anakimbiza ama ni shimo la barabara. Umeumia kazini, mwajiri analipa, na akibaki mlemavu kabisa hesabu ni mshahara wa miezi 96. (Waajiri wengi hawana hiyo bima, lakini deni ni lao.) Mawakili waliipinga mpaka Mahakama ya Upeo, ambayo Desemba 2019 iliiacha isimame.

Jirani anaangukia Sura ya 405, sheria ya bima ya magari ambayo babake ni sheria ya Uingereza ya 1930. Kumbuka Kitale ya siku zile. Reli ilifika 1926, mashamba makubwa yalikuwa ya walowezi, na magari pia. Sheria iliwaza gari la bwana mmoja likigonga mtu barabarani. Abiria hakuwekwa kwenye bima ya lazima, isipokuwa gari liwe la nauli ama awe amebebwa kwa ajili ya kazi. Walowezi walienda, kifungu kikabaki. Sasa nani huku kwetu hajawahi kupanda pikapu ya bure?

Wa matatu ana afadhali, ila si sana. Boda na matatu zikigongana pale Kamukuywa, kila dereva anamnyooshea mwenzake kidole, na wewe mwenye plasta ndiye wa kuthibitisha uzembe. Unatafuta karatasi ya polisi, unatafuta wakili, una miaka 3 ya kufungua kesi. Ukishinda, bima inawajibika hadi shilingi milioni 3, kama kampuni bado iko hai. United ililemewa 2005, Blue Shield 2011, zote zilikuwa na matatu kibao. Kampuni ikifa, hazina ya kuwafidia wateja inatoa 250,000 tu kwa mwenye dai.

New Zealand walichoka na mchezo huu mapema. Tangu Aprili 1974, ukiumia kwa ajali unalipwa na mfuko wa taifa, haijalishi kosa ni la nani, ila haki ya kushtaki ukaiacha mlangoni. Kenya ilijaribu kitu kingine 2013: kupanga bei ya kila jeraha huku kesi ya kosa ikibaki palepale. Mawakili wakaenda tena kortini, na 2016 Mahakama Kuu ikakata sehemu kubwa ya mpango huo. Sikuhuzunika. Walitaka kupunguza malipo bila kupunguza vita.

Turudi kwa jirani wa lifti. Ili alipwe, lazima amshtaki mtu aliyemsaidia, na akishinda, kitakachouzwa ni lori ama shamba la huyo huyo. Kwa hivyo wazee wanaitwa, bili ya hospitali inagawanywa, labda na ng'ombe mmoja juu yake, na msimu ujao anapita kando ya barabara akichechemea, lori likimpigia honi.